Kabati la Mkurugenzi

Advera aliidharau ile shule kabla hajaingia getini. Aliidharau tangu barabarani, pale bajaji ilipowashusha, akainua macho na kulisoma bango. Jina lilikuwa refu, la Kiingereza, lenye neno la kifalme mwanzoni na neno la mbinguni mwishoni, na mchoraji alikuwa ameruka herufi katikati. Mjini Tabora hakuna aliyejisumbua nalo. Watu walisema "kwa Ngollo", basi, kama wanavyosema kwa fundi baiskeli.

Ngollo mwenyewe alikuwa mtu wa Igunga. Alianza na kununua ng'ombe na pamba, akaja akakoboa mpunga, mashine zikamjibu, na alipochoka na vumbi la pumba akaona watoto wanalipa kuliko mchele. Jengo alilijenga kwa akili ileile: refu, madirisha juu kabisa karibu na bati, milango mipana ya kupitisha lori. Ukutani alikuwa amechorwa twiga aliyefunga tai. Advera alimtazama yule twiga, akasonya.

"Usianze," alisema Levina pembeni yake. "Nakuomba, shoga, leo usianze."

Levina na Advera walisoma chuo kimoja, wakahitimu siku moja, wote ualimu, wote Kiswahili na Historia. Sasa ulikuwa mwaka wa nne wanasubiri ajira ya serikali, na ajira ya serikali ilikuwa kama mvua ya Unyamwezi: inanguruma huku, inanyesha kule. Walipanga chumba kimoja Isevya. Levina alitoka kwenye familia ya wakulima jirani na seminari ya Kipalapala, na upole wake ulikuwa wa kukera. Kuku wa mwenye nyumba walidonoa wali sahanini mwake naye akawasogezea sahani. Advera alikuwa binti wa Mzee Ambrosi wa Bukene, na hakuwa na upole hata wa kuazima. Miaka hiyo minne, wakati wenzao wengine walishikiliwa na maombi na wengine na wachumba, yeye alishikiliwa na dharau. Aliwadharau mashangazi waliomwuliza kazi lini. Aliwadharau waliopata kazi kwa wajomba. Ukimwondolea dharau, angeanguka palepale kama gunia lililotolewa mahindi.

Nafasi kwa Ngollo ilikuwa moja, mwalimu wa Kiswahili, na walioitwa walijaza benchi zima la barazani. Advera akaitwa wa kwanza.

Ndani walikaa watu wawili. Mmoja ni Mkurugenzi, mnene, suti ya rangi ya ugoro, saa mbili za mkononi, moja kila upande. Wa pili alikuwa Mwalimu Mkuu, Wilbroad, mtu mzima aliyekonda, shingo yake ikiyumba ndani ya kola kama mchi ndani ya kinu. Kila Mkurugenzi alipofungua kinywa, Wilbroad alitikisa kichwa kukubali kabla sentensi haijafika mwisho. Advera akamhukumu papo hapo. Akamweka chini ya twiga.

Usaili wa mwalimu wa Kiswahili ulifanyika kwa Kiingereza. Mkurugenzi alikiburura Kiingereza chake kama mtu anayeburuta kitanda sakafuni, akamwuliza Advera aeleze, kwa Kiingereza, methali ya Kiswahili isemayo haba na haba hujaza kibaba. Advera akaeleza. Kiingereza chake kilikuwa safi, na alikisema polepole ili kimuume mwenye kuumwa nacho.

"Na kibaba?" akauliza Mkurugenzi. "Kibaba ni nini? Ni baba mdogo?"

Wilbroad akatikisa kichwa.

Advera alimtazama yule mtu ambaye maisha yake yote alipima nafaka, tangu debe la kijijini mpaka kwenye mizani ya kiwandani. Angekosea kwa kutojua, angemsamehe. Lakini alijua. Alikuwa amejifunza kujifanya hajui, akaona hiyo ndiyo elimu.

"Kibaba ni kipimo cha nafaka, Mkurugenzi," akamjibu kwa Kiswahili. "Kile mnachokibonyeza chini wakati mkulima anatazama pembeni."

Wilbroad alianza kutikisa kichwa, akajikamata. Mkurugenzi akacheka kicheko kifupi kisichofika machoni. "Twende darasani," akasema.

Darasa la tano lilikuwa limepangwa kwa ajili ya wageni. Watoto walisimama kwa pamoja, wakaimba salamu ya Kiingereza kwa sauti za kasuku, wakakaa. Mstari wa mbele alikuwepo msichana mdogo mwenye kibao cha mbao kikining'inia shingoni kwa kamba ya katani. Kibao kilikuwa na maandishi ya Kiingereza, na maana yake ilikuwa hii: mimi ni mjinga, nimeongea Kiswahili.

"Unaitwa nani, mwanangu?" Advera akamwuliza.

Msichana akamtazama Mkurugenzi aliyekaa nyuma.

"Hiki ni kipindi cha Kiswahili," Advera akasema. "Humu ndani mjinga ni yule asiyekiongea. Vua hicho, kiweke chini, uniambie jina lako."

"Kuluthumu."

"Kuluthumu, tuambie kitu kilichotokea kwenu asubuhi. Chochote."

Mtoto akafikiri. Kisha akaanza kusimulia jinsi bibi yake alivyoanika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, juu ya bati, mbuzi wa jirani akapanda kwenye tofali, kwenye pipa, kwenye bati, akala yote, na aliposhiba akashindwa kushuka. Bibi akamwita mwenye mbuzi. Mwenye mbuzi akasema hashuki mpaka alipwe fidia, maana mbuzi wake ametishwa. Darasa likaangua kicheko, kicheko cha watoto wa kweli sasa, na mikono ikaanza kuinuka kila upande. Kila mmoja alikuwa na mbuzi wake. Advera aliandika ubaoni maneno yao yenyewe, akawaonyesha ngeli zikitembea ndani ya habari ya mbuzi, *mbuzi amepanda, bati limebonyea, matobolwa yameliwa*, na kwa muda ule hakumdharau mtu yeyote duniani. Ilimjia kama kukumbuka njaa: kwamba kazi hii aliipenda.

Alipogeuka, Mkurugenzi alikuwa anasoma simu. Wilbroad alikuwa anacheka, mkono mdomoni.

Waliporudi ofisini Mkurugenzi akazungumza kama mtu aliyekwishanunua. Kazi amepata. Kiburi ataacha nyumbani. Aje na vyeti vyake halisi, vyote, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo, kwa sababu vyeti vya walimu hukaa pale. Akaonyesha kwa kidole. Kwenye kona ya ofisi lilisimama kabati la chuma la kijivu, na ufunguo wake ulining'inia kwenye mkanda wa Wilbroad.

"Vinakaa mpaka lini?" Advera akauliza.

"Miaka mitatu ya mkataba. Ninyi vijana mkipata serikalini mnaruka usiku bila kuaga. Mimi nikishika cheti, nimeshika mtu."

"Ng'ombe nao ulikuwa unawashika hivyohivyo?"

"Ng'ombe nilikuwa nawafunga kamba," alisema Ngollo, na kwa mara ya kwanza alizungumza Kiswahili cha kwao, kile kizito cha Igunga. "Mwalimu hahitaji kamba. Nje kuna benchi limejaa. Unaleta au huleti?"

"Vyeti vyangu utaviona kwa macho, Mkurugenzi. Kulala kwako havitalala."

Akachukua mkoba wake. Alimwangalia Wilbroad, yule mlinzi wa funguo, na kumwambia kwa adabu yote, "Mwalimu Mkuu, nakuacha salama," naye Wilbroad akainamisha macho kwenye meza.

Barazani aliwaambia wote kwa sauti: "Jamani, humu wanaweka rehani vyeti. Msitoe!" Benchi zima likatazama viatu. Levina alikuwa anafuata kuitwa. Advera akamshika bega. "Umenisikia? Usimpe."

Levina akaingia. Alipotoka alikuwa amepata kazi, na kesho yake asubuhi alivipeleka vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, akamkabidhi Ngollo kwa mikono miwili.

Hapo ndipo chumba cha Isevya kilipoingiwa na baridi. Advera alikuwa amezoea kuwadharau watu walio mbali. Sasa aliyemdharau alilala hatua moja kutoka kwake. Levina aliamka alfajiri, akapiga pasi sketi ya kijivu ya walimu wa Ngollo, akatoka. Jioni alirudi sauti imekauka. Advera alimpokea kwa Kiingereza cha Mkurugenzi, akikiburuta, mpaka mwenzake akaacha kucheka.

"Leo umelikagua kabati? Cheti chako hakijambo? Kimekusalimu?"

"Advera, niache."

"Nikuache vipi? Wewe si umeachwa tayari? Umewekwa chuma na kufuli."

Siku moja Levina aliweka mwiko chini. Walikuwa wanakula ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo mama yake alimletea kutoka Kipalapala. Hakupaza sauti, hakuwa na sauti ya kupaza.

"Huu unga nimenunua mimi," alisema. "Na mafuta. Na chumba mwezi huu na uliopita. Sikuhesabii, na sitakuhesabia. Ila nakuuliza tu, mdomo wako huo, siku gani umetushibisha?"

Advera alikuwa na tonge mkononi. Alitaka kulirudisha sahanini, ionekane. Lakini alikuwa na njaa, tangu asubuhi alikuwa amezunguka shule mbili za watu binafsi na kuambiwa nafasi hakuna, basi akalila. Alilila na kumdharau Levina, na katikati ya kutafuna akasikia dharau ile inageuka na kumtazama yeye mwenyewe. Hakuipenda ile sura. Tangu siku hiyo akaacha Kiingereza cha Mkurugenzi, lakini pole hakutoa. Neno pole lilikuwa halijazoea kinywa chake.

Kwenye masika majina ya ajira za serikali yakatoka. Mji mzima wa vijana wasio na kazi uliinamia simu. Advera alisoma majina yote ya herufi A, akayarudia. Hakuwemo. Levina alikuwemo. Amepangwa sekondari moja ya kata, ndani huko wilaya ya Igunga, aripoti kabla ya wiki mbili kwisha, akiwa na vyeti vyake halisi.

Levina alilia kwa furaha, kisha akakumbuka, akalia upya. Alikwenda kwa Ngollo, akapiga magoti kabisa kwa adabu za kwao. Ngollo akamwambia miaka mitatu ni miaka mitatu. Alikwenda mara ya pili na mjomba wake mzee wa kanisa. Ngollo akamkaribisha mjomba soda, akamwambia hayohayo. Siku zikapungua. Levina akaanza kukunja nguo zake na kuzikunjua.

"Basi, Mungu hakupanga," alisema.

"Mungu hana kabati," Advera akajibu. "Vaa viatu."

Ilikuwa Jumamosi ya wazazi. Magari yalijaa mpaka barabarani, uwanjani yamesimikwa mahema, na watoto waliimba kwa Kiingereza wakiwa wamevaa mabawa ya karatasi. Mbele kabisa alikaa Fatmabai, mama wa duka kubwa la vitambaa karibu na stesheni. Wajukuu wake wanne walisoma pale, na kila mtu alijua kwamba nusu ya watoto wa Kihindi pale shuleni waliletwa na neno lake. Mkurugenzi alikuwa amemwinamia akimmiminia maji. Advera hakumtazama mara mbili. Alimvuta Levina mkono, wakapita nyuma ya mahema mpaka ofisini.

Wilbroad alikuwamo peke yake, anapanga zawadi za washindi. Alipowaona, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mkanda, kwenye ule ufunguo.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," akasema Levina.

"Marahaba, mwanangu. Msije mkanitia matatani."

"Mwalimu," Advera akasema. Njia nzima alikuwa amenoa maneno ya kumchoma huyu mzee, maneno mazuri, ya kumwacha bila ngozi. Sasa, alipoiona ile shingo karibu, aliyameza machache. Machache tu. "Mwalimu, wewe unajua sheria. Unajua hana haki ya kushika cheti cha mtu. Kila siku unatembea na ufunguo wa jela kiunoni, halafu unawafundisha watoto uraia?"

Wilbroad hakukasirika. Alifuta mikono kwenye suruali kana kwamba ilikuwa na chaki.

"Vyangu navyo vimo," alisema.

"Vipi?"

"Vyeti vyangu. Vimo humo tangu shule ifunguliwe. Ulifikiri mimi ni nani? Mimi ni wa kwanza."

Nje watu walipiga makofi. Wilbroad alilisogelea kabati, akatia ufunguo, akauzungusha, na mlango wa chuma ukalia kwa sauti iliyowashtua wote watatu. Ndani bahasha zilisimama zikiegemeana. Aliipata ya Levina bila kutafuta. Inaelekea alikuwa ameshaitazama mara nyingi. Akamkabidhi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ngollo akitafuta zawadi. Aliona kabati, akaona bahasha.

Alianza kwa Kiingereza, Kiingereza kingi, kikimtoka pamoja na mate. Wilbroad akangoja. Kisha akasema kwa Kisukuma, lugha ya wote wawili, maneno machache yenye heshima, ambayo Advera, mtoto wa Bukene, aliyasikia vizuri: *Mkubwa wangu, mtoto wa watu aende zake.*

"Nitaita polisi!" Ngollo akahamia Kiswahili. "Huu ni wizi!"

"Waite," Advera akasema, akaenda kulifungua dirisha lililoelekea kwenye mahema, dirisha pekee la ofisi ile lililokuwa chini. "Waite, na mimi namwita Fatmabai aje asikie wizi wa nani. Namwambia walimu wa wajukuu zake wamefungiwa kabatini kama nyama. Sauti ninayo, Mkurugenzi, unaijua. Kwa Kiswahili sasa, ili wote waelewe. Fatma—"

Ngollo alilivamia dirisha na kulibamiza. Alihema. Suti ilikuwa imempanda mabegani. Advera aliona, bila kutaka kuona, mtu anayeogopa: mnunuzi wa pamba wa Igunga anayejua kwamba siku wateja wakihama, mashine inasimama.

"Tokeni," alisema kwa sauti ya chini. "Tokeni kwa mlango wa nyuma."

Levina alikuwa ameshatoka. Advera alibaki mlangoni. "Na wewe, Mwalimu Mkuu? Chukua vyako. Kabati liko wazi."

Wilbroad alizitazama bahasha. Alitazama kwa muda kiasi cha mtu kusoma jina lake mwenyewe juu ya mojawapo. Kisha akaurudisha mlango taratibu, akafunga.

"Mimi niende wapi sasa?" alisema. "Umri wangu huu nani ananiajiri? Nenda, mwanangu. Nenda mwenzako asikuache."

Advera alitoka na maneno yake yote aliyoyanoa. Hakupata mahali pa kuyaweka.

Levina alipanda basi la Igunga Jumatatu. Waliagana stendi kwa haraka, kwa sababu wote wawili walikuwa na la kusema na hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe, kondakta akigonga bodi, Advera akasema, "Pole, shoga." Levina akamwuliza pole ya nini. "Ya ule ugali," akasema Advera, na Levina akacheka mpaka basi likaondoka.

Baada ya hapo unga uliisha. Advera alidaiwa chumba, akauza redio, akala michembe ya viazi vikavu ya kuchemsha mpaka harufu yake ikamkaa kwenye nguo. Shule nyingine tatu zilimwambia atapigiwa simu. Na simu ilipokuja kweli ilikuwa ya Ngollo.

Hakusema neno la Kiingereza. Mtihani wa taifa wa darasa la saba ulikuwa unakaribia, mtihani wa majaribio wa mkoa ulikuwa umekwishatoka, na kwenye Kiswahili shule yake ilikuwa imepitwa na shule za kata zisizo na madawati. Fatmabai alikuwa amemwuliza mbele za watu inakuwaje mjukuu wake anashindwa lugha ambayo hata yeye, nyanya yake, anauzia vitambaa. Waliobaki kwenye benchi walikuwa wamesikia habari za kabati, na hakuna aliyekubali kuja. Mjini hapa habari hazihitaji bajaji.

"Vyeti utakaa navyo mwenyewe," alisema Ngollo.

"Na kile kibao cha shingoni?"

"Kwenye vipindi vyako hakitavaliwa. Kwingine ni utaratibu wa shule."

Dharau ilimpanda Advera kooni, tamu, ya moto, ya kumrushia simu. Ingetosha kumshibisha mpaka saa ya chakula cha jioni, na chakula cha jioni hakikuwepo. Akamfikiria yule mtoto na mbuzi wake juu ya bati.

"Nitakuja Jumatatu," alisema. Alipokata simu alijitazama kwenye kioo kidogo kilichobaki ukutani, akajisonya.

Jumatatu alimkuta Wilbroad getini. Ngollo hakumfukuza, nani mwingine angejua usajili wa mitihani? Alimwadhibu kwa namna aliyoiweza: kila asubuhi Mwalimu Mkuu sasa alisimama nje, juani, akifungua milango ya magari ya wazazi. Magari yalisimama, wazazi walimpa mikoba ya watoto bila kumtazama usoni.

Advera alikuwa amevaa ile sketi ya kijivu, aliyoachiwa na Levina, ikimbana kiunoni. Alipita katikati ya magari, akasimama mbele ya yule mzee, akapiga goti kidogo kama anavyompigia baba yake Bukene.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu!" alisema kwa sauti iliyowafikia mpaka madereva wa nyuma.

Wazazi wakageuka. Wilbroad alishtuka, akaangalia kwenye dirisha la ofisi, akainyoosha shingo yake ndani ya ile kola.

"Marahaba," alisema. "Darasa la saba wanakungoja. Ni wabovu kweli."